Sahani ya Tano Mezani kwa Mwalimu Rangi

Ndugu, jamaa, majirani, walimu waliofundisha na marehemu, na ninyi nyote mliowahi kurudi nyumbani na rangi kwenye kola ya shati kwa ajili yake: asanteni kwa kuja. Mimi ni binti yake. Baba aliponikabidhi kazi hii ya kuandika na kusoma wasifu alisema maneno machache tu: "Mwandike alivyokuwa. Usimpake rangi, rangi alikuwa nazo mwenyewe."

Kabla sijaanza, fungueni ukurasa wa mwisho wa kijitabu mlichopewa mlangoni. Mtaona pameandikwa "Marehemu ameacha mume, watoto", halafu pako wazi. Mchapishaji hakukosea, msimseme. Mimi ndiye niliyemwambia apaache hivyo, kwa kuwa Alhamisi asubuhi, alipokuwa ananisubiri, nilikuwa sijaamua niandike nini. Tukifika hapo nitawaambia. Na kwa kuwa Baba amesema nisipake rangi, niseme na hili mapema: miaka mingi nilimwonea mama yangu wivu. Niliwaonea wivu wanafunzi wake wote, na mmoja nilimwonea kuliko wote waliobaki kwa pamoja.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kibanda cha baba yake, aliyekuwa fundi viatu. Alikuwa mtoto wa kwanza. Mdogo wake, yule mama mdogo wangu aliyekaa pale na miwani myeusi, alimfuata miaka kumi na miwili baadaye, na anasema tangu siku hiyo hajawahi kumaliza sentensi mbele ya dada yake. Marehemu alianza kuchora kabla hajajua kusoma. Alichorea kipande cha mkaa, na karatasi yake ilikuwa mabaki ya ngozi. Ngozi zilipokwisha alihamia ndani ya viatu vya wateja. Siku moja mama mmoja muuza mikate alirudi kibandani na kiatu mkononi, babu yangu akaanza kuomba radhi kabla hajaulizwa, kwa maana kwenye soli ya ndani palikuwa na sura ya yule mama, mashavu yake na kilemba chake, sawasawa. Yule mama akasema, "Sikuja kugomba. Nimekuja na cha pili. Mguu wa kushoto nao unataka."

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1958 hadi 1964, akaendelea na sekondari ya wasichana ya bweni, na mwaka 1971 alijiunga na chuo cha ualimu. Alikusudia kufundisha jiografia. Lakini aliporipoti kazini tarehe 8 Januari 1973, katika shule ile ya msingi iliyo chini ya tangi la maji, mwalimu mkuu alimwambia jiografia ina walimu watatu na sanaa haina hata mmoja, maana aliyekuwepo ameacha kazi na kuondoka na ufunguo wa kabati. Marehemu alivunja lile kabati kwa bisibisi siku hiyohiyo. Ndani alikuta makopo mawili ya rangi iliyokauka na kiota cha panya. Alifundisha hapo, watoto wakimwita Mwalimu Rangi, miaka thelathini na minane, hadi alipostaafu mwaka 2011.

Wengi wenu mnalikumbuka somo lake la darasa la nne, lililochukua muhula mzima kila Ijumaa baada ya mapumziko. Lilikuwa na mafunzo matatu. La kwanza, kipande cha kioo kilizunguka dawati kwa dawati, na kila mtoto alijitazama mpaka achoke kucheka, ndipo achore uso wake. La pili, kila mtoto alichora kiganja chake, akaenda nacho nyumbani kuuliza vidole hivi amerithi kwa nani. Kuna baba mmoja alikuja shuleni amefura, akisema mtoto wake ameambiwa vidole ni vya mjomba na pua ni ya mjomba, sasa yeye ametoa nini? Marehemu alimkalisha, akamtazama mtoto, akamtazama baba, akasema, "Hasira. Hiyo ni yako, haina mshindani." Yule baba akacheka mwenyewe.

Funzo la tatu liliitwa "Watu wa kwetu", na hilo lilikuwa na sheria. Mtoto haanzi na watu; anaanza na meza, au mkeka, au jamvi, popote wanapokula, kisha anachora sahani. "Hesabuni sahani kwanza," alikuwa akisema, "halafu mtafute wenye sahani." Alisema mtoto ukimwambia achore familia atachora alichokiona kwenye kitabu, baba na mama na watoto wawili wanaocheka, lakini mkono unaochora sahani hukumbuka nani anakula nyumbani. Bibi akatokea, binamu aliyekuja kwa wiki moja mwaka juzi akatokea. Mtoto alijichora mwenyewe mwisho. Mwalimu hakugusa picha ya mtu hata kwa nukta moja, na kifutio kilikuwa marufuku.

Kifutio hakikuwa marufuku tangu mwanzo. Kilipigwa marufuku mwezi Februari 1988, na hapo ndipo anapoingia mtu ninayemzungumzia. Mwezi huo alihamia darasa la nne A msichana mmoja mwembamba ambaye bibi yake aliyemlea alikuwa ametoka kufariki, na sasa anakaa kwa shangazi yake, muuza vitambaa, aliyekuwa anafunga nyumba asubuhi na kuifungua jioni. Funzo la tatu lilipofika, msichana yule alichora sahani, akachora shangazi, akajichora yeye, akajifuta. Akajichora kwenye kona nyingine, akajifuta. Aliendelea hivyo hadi karatasi ikatoboka. Marehemu alizunguka madawati yote akakusanya vifutio, akavitia kwenye kopo, na vikabaki humo mpaka anastaafu. Wenzake walimpa yule msichana jina la Kifutio, na wala hakulikataa. Wengi wenu hapa hamjui jina lake jingine.

Mimi nilikuwa darasa la nne B. Umri uleule, ukuta mmoja katikati. Marehemu alikuwa na msimamo kwamba hafundishi mtoto wake. "Nikikufundisha, ama nitakupendelea ama nitakuonea, na vyote viwili vitakuharibu." Kwa hiyo Ijumaa baada ya mapumziko mimi nilikuwa nafundishwa kushona vifungo na mwalimu aliyekuwa analala, huku nikisikia darasa la upande wa pili linacheka na mama yangu. Nyumbani alituletea habari zao mezani: fulani kachora, fulani kasema, yule wa dirishani kaniuliza hivi. Niliwajua watoto wa darasa lake kuliko yeye alivyowajua rafiki zangu.

Nimesahau ndoa. Marehemu angeniambia nirudi nyuma nisiiruke, na kwa kuwa kufuta hakuruhusiwi, naiweka hapa. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 11 Desemba 1976. Baba ni seremala, na walikutana kwa ugomvi. Shule ilimwagiza meza ishirini za darasa la sanaa, akazileta za miguu mirefu, watoto wakawa wanachora mikono ikiwa usawa wa mabega. Marehemu alimfuata karakanani akamwambia, "Fundi, umenitengenezea meza za majaji." Baba akajibu kwamba watoto watarefuka. Marehemu akamwambia, "Hawa watarefuka wataondoka, watakuja wengine wafupi." Baba alikata miguu ya meza zote ishirini, moja moja, akitumia wiki tatu kwa kazi ya siku mbili, na sababu ya kuchelewa hakuna asiyeijua.

Sasa turudi kwa Kifutio. Kwa kuwa kwao kulifungwa mpaka jioni, marehemu alimwambia awe anakuja kwetu baada ya shule. Alikuja siku moja, akaja na ya pili, na baada ya hapo hakuna aliyeuliza. Alikula kwetu kwa miaka minne. Wakishamaliza kula, walikaa yeye na mama yangu upande mmoja wa meza, vichwa vimeinamia karatasi moja, na mimi nilikuwa kwenye karo nikiosha vyombo. Nilisuuza sahani moja mara tatu ili nipate sababu ya kuendelea kusimama pale. Kifutio alikuwa na mkono. Akichora kuku, unatafuta punje umtupie. Mimi kuku wangu alifanana na birika. Nilimwonea wivu hadi nikawa nahesabu vijiko vyake vya mboga.

Nikasema nami nataka funzo la tatu. Marehemu alikataa, nikalia, Baba akasema, "Mpe karatasi huyo, nyumbani si shuleni." Basi Jumamosi ya tarehe 20 Agosti 1988, saa nne asubuhi, nikakaa mezani kwetu na karatasi na penseli ya rangi ya bluu. Kifutio alikuwa amekaa mbele yangu anachambua maharage. Nilifuata sheria. Nikachora meza. Nikachora sahani. Kisha nikamchora Baba na msumeno wake, mama yangu, mama mdogo ambaye wakati huo alikuwa anakaa kwetu, nikamchora paka, na mwisho nikajichora mimi, mkubwa kuliko Baba. Nikaweka penseli chini.

Marehemu akaja akasimama nyuma yangu. "Wameisha?"

"Wameisha."

"Wote wanaokula hapa?"

"Hadi paka nimemchora."

Baba ndiye aliyeinamia karatasi, akaanza kuhesabu kwa penseli yake ya useremala. "Watu wanne," akasema. "Mbona sahani tano?"

Nikatazama. Kweli. Mkono wangu ulikuwa umeandaa meza kama unavyoandaa kila siku, bila kuniuliza. Sahani ya tano ilikuwa pale, kati ya mama yangu na mimi, na nyuma yake hakuna mtu. Kifutio hakuwa na kifutio cha kunipa hata kama angetaka, vyote vilikuwa kwenye kopo shuleni. Nikasema, "Hiyo ni ya paka."

Kila mtu ndani ya nyumba ile alijua paka anakula kwenye kifuniko cha kopo, chini ya meza. Kifutio aliinuka kidogo, akaitazama picha yangu, akasema, "Paka umempatia sana." Akarudi kwenye maharage yake. Marehemu aliandika tarehe nyuma ya karatasi, Baba akaitia fremu, na ikatundikwa sebuleni, ambako ilikaa miaka thelathini na mitano na zaidi. Wageni walikuwa wakiuliza, "Na hii sahani?" na Baba akijibu, "Ya paka," bila kucheka. Mama yangu hakuniambia kamwe nimchore yule mtoto. Alikuwa hagusi picha ya mtu.

Tulikua. Kifutio akawa mchora mabango. Nusu ya maduka ya barabara ile ya kituo cha basi yanaitwa kwa mkono wake. Mimi nikawa karani wa masjala, kazi ya mafaili na fomu, naiweza na naipenda. Niliolewa nikahamia mbali, safari ya saa tatu. Yeye alipanga nyumba mitaa miwili kutoka kwa marehemu. Nilipokuwa nikija likizo nilikuta vikombe vimehamishiwa rafu nyingine, na ili nipate kikombe nyumbani kwetu ilibidi nimuulize yeye.

Tarehe 5 Septemba 2022 marehemu alipata kiharusi akiwa anamwagilia maua. Mkono wa kulia ulinyamaza, na maneno yakaanza kuchanganyika. Alilazwa siku kumi na tisa, akarudi nyumbani, na akaishi mwaka mmoja na miezi minane. Nilikuja kila wiki ya pili. Kifutio alikuja kila siku. Alimfundisha kushika brashi kwa mkono wa kushoto, na kuta za chumba chake zilijaa kuku waliofanana na birika. Niliwaona wale kuku, nikafurahi peke yangu, sitaficha.

Siku moja nikiwa nimekaa pembeni ya kitanda, marehemu alimwita Kifutio, "Mwanangu, niletee maji." Mimi ndiye niliyekuwa karibu na maji. Nilitoka nje nikaanua nguo ambazo zilikuwa hazijakauka. Kifutio akanifuata kwenye kamba.

"Dada, nguo mbichi hizo."

"Najua."

"Umekasirika."

Nikamwambia yote, nikiwa na shuka la maji mabegani. Nikamwambia, tangu nina miaka tisa umekaa upande wangu wa meza. Darasani ulimpata wewe, nyumbani ukampata wewe, na sasa anaumwa unampata wewe. Mimi nimebaki na nini, cheti cha kuzaliwa?

Alininyang'anya shuka akalianika upya. Akasema, "Dada, unajua mimi nilikuwa nakuonea wivu wa nini? Ulikuwa unagombezwa. 'Wewe, sahani hiyo haijatakata! Wewe, viatu hivyo!' Mimi miaka yote ile hajanigombeza hata siku moja. Nilivunja jagi makusudi, akaniambia pole. Mgeni hagombezwi, dada."

Nilisema tu kwamba jagi lile nilichapwa mimi. Akasema anajua, na kwamba alinionea wivu wa fimbo zile pia. Tulicheka, lakini msidhani wivu uliisha pale kwenye kamba. Wiki tatu kabla ya kifo chake, marehemu alionja supu ya Kifutio, akasukuma bakuli kwa mkono wake wa kushoto, akasema kwa ukali ambao sikuusikia tangu augue: "Supu gani hii ya baridi? Mtu mzima wewe! Kapashe!" Kifutio alikimbilia jikoni, akageuza uso ukutani, analia na kucheka. Nami nilisimama mlangoni nikawaza, hata kugombezwa, nako amenichukulia.

Marehemu alifariki dunia Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, saa moja na dakika kumi asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu. Baba alikuwa ameshika miguu yake, na Kifutio mkono. Aliomba dirisha lifunguliwe, likafunguliwa. Mimi nilikuwa njiani. Nilifika saa moja na dakika hamsini. Zile dakika arobaini nazionea wivu hadi hivi ninavyosoma, na sidhani kama zitaniisha.

Jumatano tulikaa kikao cha familia. Mama mdogo alisema, "Mtoto wa kuzaa ni mmoja. Andika mmoja, tusiwachanganye watu." Hakusema kwa ubaya, ndivyo fomu zinavyosema, na fomu ni kazi yangu, nazijua. Baba alikuwa anapiga randa ubao wa jeneza lile mnaloliona, hakutaka fundi mwingine amguse, akasema, "Kalamu ni yako." Kifutio hakuomba kitu. Alikuwa uani anaandika kile kibao cha msalaba kwa rangi nyeupe, herufi moja moja, na akanyoosha mgongo mara moja tu kuuliza kama tumekula.

Jana saa tisa alasiri niliishusha ile picha ukutani ili tuje nayo hapa. Niliigeuza, nikaona tarehe kwa mwandiko wa mama yangu. Chini ya tarehe hakukuwa na neno lolote. Nilikuwa natumaini ameniachia neno, hakuniachia. Aliacha sahani ilivyo. Basi nikachomoa misumari ya fremu kwa bisibisi, nikakaa mezani kwetu, nikachukua kalamu ya bluu, nikamchora mtu nyuma ya ile sahani. Sijui kuchora. Amefanana na pampu ya maji iliyovaa gauni. Lakini yupo, na hakuna mwenye ruhusa ya kumsahihisha, hata yeye mwenyewe mchora mabango.

Sasa chukueni kalamu, ukurasa wa mwisho. Marehemu ameacha mume, seremala. Ameacha mdogo wake mmoja. Ameacha watoto wawili. Andikeni: wawili. Mama mdogo, na wewe andika. Wote wawili ni wasichana, wana umri wa miaka arobaini na mitano, na mmoja wao anajua kuchora. Ameacha wajukuu watano, watatu kwa huyu na wawili kwa yule.

Na wewe Kifutio! Unafanya nini huko nyuma kwenye safu ya wanafunzi? Watu tunazika mama, wewe umekaa kama umealikwa! Inuka. Mtu mzima wewe! Usinitolee macho, njoo huku mbele kwenye kiti chako, na hicho kiatu kifunge kamba.

Mama, lala sasa. Sahani zote zina wenyewe.